Maswali ya Wasomaji: Je, PES Imekwisha?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na mdogo wangu tunabishana wiki ya pili sasa. Mimi nimekulia kwenye banda la gemu, nikicheza gemu la mpira la Winning Eleven na baadaye PES (Pro Evolution Soccer). Tulilipa kwa mechi, na aliyefungwa alimwachia padi anayesubiri. Yeye anacheza eFootball, jina jipya la PES, kwenye simu na anadai kwamba gemu hili halijawahi kupendwa kama sasa. Mimi nasema limekwisha, kwa sababu kila ninayemjua mwenye PlayStation mpya anacheza FIFA, gemu la kampuni ya EA, ambalo siku hizi linaitwa EA Sports FC. Nani kati yetu yuko sahihi? Msomaji, Morogoro.

JIBU: Ndugu msomaji, kwa hesabu ya vichwa mdogo wako anakushinda. Konami, kampuni ya Japani inayotengeneza gemu hili, imetangaza kwamba eFootball imepakuliwa zaidi ya mara milioni 750, idadi ambayo PES ya kwenye diski haikuikaribia hata ilipokuwa kileleni, ingawa kupakua gemu la bure si sawa na kulinunua, na wengi hulifuta kabla ya juma kwisha. Ukiuliza habari ya hadhi, hapo wewe ndiye mwenye haki.

Wengi husema kwamba PES iliangushwa na ukosefu wa leseni za kutumia majina halisi ya timu, nami sikubaliani nao. Katika PES 6 ya mwaka 2006, ambayo mabanda mengi yaliendelea kuicheza kwenye PS2 miaka mingi baadaye, Liverpool iliitwa Merseyside Red na Manchester City iliitwa Man Blue, na hakuna aliyeondoka kwenye foleni kwa sababu hiyo. Tulichokifuata ni mpira wenyewe: ulikuwa na uzito wake, pasi mbovu ilikuwa kosa lako mwenyewe, na Adriano wa Inter akipewa nafasi nje ya boksi, kipa alikuwa anasindikiza tu. Aliyecheza peke yake aliingia Master League, sehemu ya kujenga timu yako msimu hadi msimu, na akina Castolo na Minanda, wachezaji wa kubuni ambao hadi leo baadhi yetu tunawakumbuka kuliko wa kweli.

Pigo lilikuja pale PS3 ilipoingia. PES 2008 ilitoka kwenye mashine hiyo ikiwa na picha inayokwamakwama, wakati EA ilikuwa imeanza kuisuka FIFA upya, na kufikia FIFA 10 ya mwaka 2009 hata mashabiki wakongwe wa PES walikiri kwamba uwanjani wamepitwa. Kuanzia hapo ndipo leseni zilipoanza kuuma, kwa kuwa mtu hawezi kuvumilia jina la uongo na mchezo wa kawaida kwa wakati mmoja. Mwaka 2018 Konami ikapoteza na leseni ya Ligi ya Mabingwa wa Ulaya, iliyokuwa nayo kwa miaka kumi.

Septemba 2021 jina la PES likafutwa. eFootball ilizinduliwa bure, ikiwa na timu 9 tu na bila Master League, huku nyuso za wachezaji zikiwa zimepinda kiasi cha kuchekesha. Konami ililazimika kuomba radhi, na toleo lililokamilika lilifika Aprili 2022. Kwa mtu wa sebuleni na banda, hiyo ndiyo siku gemu lake lilipozikwa, na kilichobaki kikahamia mfukoni mwa mdogo wako.

Mdogo wako, hata hivyo, ana karata moja ambayo huenda hajaitumia. Baada ya EA na FIFA, shirikisho la soka duniani, kuachana, shirikisho hilo liligeukia Konami, na mwaka 2024 mashindano yake ya dunia ya soka la gemu yalichezwa kwa eFootball.