Chipu "imechomeka": imeungua ama imeingizwa?

Swali la leo ni la kijana mmoja wa Langoni, Lamu, anatengeneza zile kompyuta za nyumbani za miaka ya 80. Aliletewa Commodore 64 na mteja wa Malindi, akaifungua, akamwandikia: "Chipu mbili za RAM zimechomeka," RAM yaani kumbukumbu ya kompyuta. Mteja akajibu alhamdulillahi, basi nije niichukue? Sasa anauliza, mwalimu, nimekosea wapi, si choma ni choma?

Hujakosea mdogo wangu, na mteja pia hajakosea, hapo ndo kuna kazi. Chomeka ziko mbili. Moja inatokana na choma, ukaongeza -eka ya hali, kama vunja ikawa vunjika, kitu kimepatwa na jambo. Ya pili ni ya kuingiza, chomeka plagi ukutani, chomeka asmini nyweleni, na mwenzake ni chomoa. Hii ni ukoo wa funika na funua, anika na anua, bandika na bandua, yaani hiyo -ika haisemi kitu kimekuwaje, inasema mtu kakifanya nini. Ndo maana ukisema "nimeichomeka" hakuna atakayefikiria moto, lakini "imechomeka" tupu kila mtu anaelewa lake, manake mtaani watu wanaisema pia wakimaanisha imeshaingia sawasawa. Na kwenye bodi za kompyuta hizo ni balaa zaidi kwa sababu kuna chipu zimekaa kwa soketi, hizo unazichomoa taratibu tu, na kuna zilizolehemiwa moja kwa moja, sasa mteja akisoma "zimechomeka" atajuaje unasema ipi?

Kwa moto tumia ungua. Ukitaka kumtaja mkosaji sema zimeunguzwa na adapta, na kwa Commodore 64 adapta ndo mshukiwa wa kwanza kweli, ile nzito ya asili ikichakaa zile volti 5 zinapanda na RAM inakwenda nazo. Ila chipu nyingi zinakufa kimya, hakuna harufu wala alama, mimi hizo nasema zimekufa, kuungua naiweka kwa ile iliyotoboka au kunuka. Kapasita, kile kikopo kidogo cha kuweka umeme, nayo imevimba, au imevuja. Njia za shaba za kwenye bodi, na hii hewa yetu ya chumvi, zimeliwa.

Kuhusu kulehemu, wako wanaosema kusoda, sina ugomvi nao, lakini lehemu masonara wanayo tangu zamani, waulize hapo hapo Lamu wanaofua pete za fedha. Chunga tu umbo lake: imelehemiwa, kama jibu na jibiwa, sio "imelehemuwa" kama ninavyoona watu wakiandika. Kuchomelea waachie mafundi wa mageti.

Mteja mwandikie hivi: "Chipu mbili za RAM zimekufa, ni adapta iliyoziua. Nimeyeyusha lehemu nikazitoa, nimeweka soketi, na mpya nimezichomeka. Adapta ile ya zamani usiitumie tena."