Madogo mnaoanza upro wa gofu, mjueni kwanza Willie Anderson

Madogo mnaotaka upro, yaani gofu iwe kazi yenu, mnaonifuata pale nyuma ya duka kila Jumamosi swali lenu ni lile lile, bro lini na mimi nitaanza kucheza mashindano ya hela. Hakuna hata mmoja kaniuliza jinsi ya kubadilisha gripu, ile raba ya kushikia fimbo, au kumpangia ratiba mama anayetaka masomo saa kumi na mbili asubuhi, wote mnawaza kombe. Kombe zuri sikatai, ila leo nawapa habari za jamaa mmoja ambaye kwa makombe ya Marekani hagusiki, alafu mtaniambia hela ya kula alikuwa anaitoa wapi.

Anaitwa Willie Anderson, kazaliwa North Berwick, Scotland, mwaka 1879. Mji wenyewe uko ufukweni mashariki ya Edinburgh, uwanja wa gofu unagusana na mchanga wa bahari. Baba yake alikuwa mtunza uwanja kwahiyo dogo kakulia kwenye majani, miaka 11 tu tayari ni kedi, mbeba fimbo za wachezaji. Na ukedi wa enzi hizo usifikirie begi lenye mikanda miwili na mfuko wa maji, unabana fimbo kwapani zote unatembea nazo. Baadae akapelekwa kijiji cha jirani, Gullane, akajifunze kutengeneza fimbo kwa fundi anaitwa Alex Aitken. Machi 1896 akapanda meli ya Pomeranian kwenda Marekani, ana miaka 16. Kumi na sita, wengine wenu hapo bado mnatumwa dukani na kaka zenu.

Sasa sikilizeni namba zake. U.S. Open, yaani ubingwa wa gofu wa Marekani, kachukua 1901, 1903, 1904 na 1905. Watu wenye U.S. Open nne mpaka leo ni wanne tu, yeye, Bobby Jones, Ben Hogan na Jack Nicklaus, Tiger Woods anazo tatu. Na kuchukua tatu mfululizo hakuna mwingine aliyewahi, Brooks Koepka alichukua 2017 na 2018 watu wakajua huyu ndo anaifikia, 2019 akamaliza wa pili nyuma ya Gary Woodland. Ongeza na Western Open nne, mashindano ambayo enzi hizo yalikuwa makubwa kweli kweli. Mtu wa hivyo leo angekuwa na ndege yake.

Zawadi ya bingwa wa U.S. Open mwaka 1901 ilikuwa dola 200. Hata kwa thamani ya wakati ule mtu halishi familia kwa dola 200 za mara moja kwa mwaka, tena ukishinda, na ukimaliza wa kumi ujue nauli ya treni umejilipia mwenyewe. Kilichomlisha Anderson ni klabu. Kila msimu anaajiriwa sehemu kama pro wa klabu, anafundisha wanachama, anatengeneza na kurekebisha fimbo zao, anauza mipira, anacheza na mzee flani anayetaka kutamba kwamba leo nimecheza na bingwa wa taifa, alafu anaomba ruhusa ya siku chache akashindane kisha anarudi kwenye msumeno na gundi yake. Kwa lugha nyingine bingwa wa Marekani alikuwa fundi mwenye mwajiri, na hapo ndipo nataka mkae muelewe kabla hamjanunua viatu vya laki nne.

Wamarekani wa miaka ile walikuwa wanafungua klabu kwa kasi, hela wanazo, ardhi wanayo, ila mtu wa kuwapimia mashimo, kukuza grini (yale majani mafupi yanayozunguka shimo), kufundisha na kukarabati vifaa hawana. Waskoti wakaona mwanya. Mji mmoja tu wa Carnoustie ulimwaga vijana wengi kule, ndo walikotoka kina Willie Smith na kaka yake Alex Smith ambao wote waliishia kuwa mabingwa wa U.S. Open. Mmarekani mzaliwa hakushinda U.S. Open mpaka 1911, John McDermott, kabla yake ni Waingereza wachache, Harry Vardon wa Jersey na Waskoti kibao. Hawa vijana hawakuajiriwa kwa sababu wanapiga mbali, waliajiriwa kwa sababu klabu ikimchukua mmoja imepata mwalimu, fundi na mara nyingine mtunza uwanja humo humo. Anderson alipofika, kazi yake ya kwanza ilikuwa Misquamicut, Watch Hill kule Rhode Island, na alishuka melini ufundi anao mkononi. Dogo ukija kwangu unasema unajua kuswingi tu, mimi nakuona umekuja na nusu ya kazi.

Kwahiyo wiki zako za mwanzo kaa karakana. Jifunze kutoa gripu ya zamani bila kuchubua shafti, yaani mpini wa fimbo, jifunze kukwangua ile tepu ya ndani mpaka chuma kiwe laini kabisa maana ukiacha kipande hata kidogo mteja atakisikia kidoleni siku hiyo hiyo na atarudi na fimbo yake mbele za watu. Funga tepu mpya, mimina ile dawa ya kulainisha, sukuma gripu mara moja bila kusitasita, panga mstari wake kabla haijakauka maana ikikauka imepinda ndo imepinda hivyo. Kazi ya dakika chache hiyo ila nimeona pro wazuri sana kwenye mashindano wanaikimbia, alafu mwezi wenye mvua nyingi hakuna masomo hakuna mashindano wanaanza kukopa kwa makedi. Aibu.

Jambo lingine ni subira. Mwaka 1897 Anderson akiwa na miaka 17 alicheza U.S. Open pale Chicago Golf Club, kipindi hicho ilikuwa mashimo 36 siku moja imeisha. Akamaliza na mikwaju 163, akawa anaongoza, anasubiri tu. Akaja Muingereza Joe Lloyd, shimo la mwisho refu kweli, akalicheza kwa mikwaju mitatu, jumla 162, na kwenye gofu mwenye mikwaju michache ndo mshindi. Basi. Kazidiwa mkwaju mmoja na kombe lake la kwanza akaja kulipata miaka minne baadae.

Na hilo la 1901 pale klabu ya Myopia, Massachusetts, nalipenda kuliko yote sababu halikuwa zuri hata kidogo hahaha. Alipiga 84, 83, 83 na 81, jumla 331. Hakuna mchezaji hata mmoja wiki ile aliyeshuka chini ya 80! Wakalingana na Alex Smith, ikabidi warudiane mashimo 18, na marudio yenyewe hayakuchezwa kesho yake kwa sababu Jumapili uwanja ni wa wanachama, wao wakaambiwa wangoje Jumatatu. Ubingwa wa nchi unasubiri wazee wamalize raundi yao ya wikendi, alafu wewe ukihamishwa saa yako ya tii, ya kuanza kucheza, unanuna wiki nzima. Jumatatu yenyewe Anderson kaachwa mikwaju mitano na yamebaki mashimo matano. Hapo wengi wanaanza kupigapiga tu waende nyumbani. Yeye akashinda 85 kwa 86. Siku mbaya kwa wote wawili, ila aliyeendelea kuhesabu mpaka shimo la mwisho ndo kaondoka na hela.

Hapo hapo Myopia ndo kuna kisa kinachosimuliwa sana. Mapro walikuwa hawaruhusiwi kukaa kwenye jengo la klabu, wakaambiwa chakula chao mtakula jikoni. Anderson alikuwa mtu mkimya, haongei hovyo, ila siku hiyo inasemekana alizungusha fimbo kwa hasira akang'oa bonge la majani kwenye bustani yao safi na kusema jikoni hatuli. Mwisho wakasimamishiwa hema, wakala kwenye hema. Sio ukumbini, hema. Mimi naisoma hivi, hakuacha mashindano, hakumtukana mtu wala hakususa, alikataa kitu kimoja kilichomuuma na akashindana kwenye uwanja wa hao hao waliomkatalia mlango, wakamkabidhi kombe lao. Nyie mtakutana na haya. Kuna klabu mpaka leo mwalimu anapita mlango wa nyuma, anakula baada ya wote kumaliza, shikamoo anaitoa yeye hata kwa kijana mdogo kwake. Chagua vizuri ni kipi utakisemea. Ukigomba kila siku utaitwa mkorofi na mkataba hauongezwi, ukinyamaza kila siku watakusahau kabisa kwamba na wewe unakula.

Ila na hawa Waskoti msiwafanye malaika. Mwaka 1896, miezi michache baada ya Anderson kuteremka melini, U.S. Open ilichezwa klabu ya Shinnecock Hills, New York. Kulikuwa na John Shippen, kijana mweusi Mmarekani, na Oscar Bunn, Muhindi Mwekundu wa kabila la Shinnecock la hapo hapo, wote wamejifunzia gofu uwanja ule ule. Mapro wageni kutoka Uingereza na Scotland wakatishia kugoma, hatuchezi na hawa. Rais wa USGA (chama cha gofu cha Marekani), Theodore Havemeyer, akawajibu kwamba mashindano yatafanyika hata wakibaki hao wawili tu. Wageni wakanywea wakacheza, Shippen akamaliza kwenye sita bora na angefanya makubwa zaidi asingeangukia mikwaju 11 kwenye shimo moja, kombe likaenda kwa James Foulis wa St Andrews. Mtu kafika nchi ya watu juzi, kazi kapewa, tayari anataka kumfungia mlango mwenyeji. Nawaambia hili kwa sababu kedi akipanda kuwa pro kitu cha kwanza anachofanya ni kumkaripia kedi. Nakiona kila mwaka na kinanichefua.

Tuje kwenye mabadiliko ya kazi. Anderson alianza na mpira wa gata, ule mgumu wa utomvu wa mti, na mpira huo ulikuwa mradi wa mapro. Ukichoka wanauokota, wanaulainisha kwenye maji ya moto, wanaubana tena kwenye kalibu, rangi, unauzwa upya. Mwaka 1898 Coburn Haskell kule Ohio akaja na mpira wenye nyuzi za raba zilizozungushwa ndani, unaenda mbali zaidi, na unatengenezwa kiwandani sio kwenye karakana ya pro. Mpaka 1902 ulikuwa umeshinda Open ya Uingereza kupitia Sandy Herd na U.S. Open kupitia Laurie Auchterlonie. Kwa fundi hiyo ni hela imekatwa kabisa. Kuna waliobaki wanaulaani. Anderson alishinda na gata 1901, alafu akashinda na Haskell hayo mengine, 1904 raundi ya mwisho akapiga 72. Hapo kwetu siku hizi ni zile mashine za kupima swingi, kuna wenzenu wanasema ni mambo ya wazungu, wakati mwanachama kashaangalia video usiku kucha na kesho asubuhi anakuuliza kasi ya fimbo yangu ni ngapi. Jifunzeni kuzisoma, hata ya kuazima.

Kuhusu kuhamahama sina jibu moja. Anderson alifanya kazi klabu kumi ndani ya miaka 14, Baltusrol, Apawamis, Onwentsia, St. Louis, na ya mwisho Philadelphia Cricket Club, na baridi ikianza anashuka Florida kufuata matajiri walikoenda. Kila alipohama nadhani alipata kidogo zaidi. Ila mwanafunzi wa gofu anakaa na mwalimu miaka, mtoto wake anakuja, mke wake anakuja, ukihama kila msimu hao unawaachia mwingine. Mimi ningekwambia kaa walau mpaka wanaokujua waanze kukuletea wenzao bila wewe kuomba, hapo ukiondoka wapo watakaokufuata.

Mwisho wa Anderson unaniuma. Oktoba 1910 alikuwa anazunguka na mechi za maonyesho za mashimo 36, ya mwisho Pittsburgh, yeye na pro mwenzake Gil Nicholls dhidi ya William Fownes na Eben Byers, wakapoteza mwishoni kabisa. Akarudi Philadelphia. Tarehe 25 akafariki nyumbani, siku nne tu baada ya kutimiza miaka 31. Cheti cha kifo kiliandika kifafa. Watu wamesema mengi, pombe, mishipa, mimi siingii huko, ninachokiona ni mtu mgonjwa aliyekuwa bado anatembea mashimo 36 kwa siku kwa sababu asipocheza halipwi.

Kwahiyo kabla hujasaini popote uliza bima ya afya inalipwa na nani, NSSF inakatwa au unaambiwa wewe ni wa kujitegemea, ukiumia mgongo mwezi mzima nani anashika wanafunzi wako na hela ya masomo yao inaenda mfuko gani. Wakikujibu hayo tutayaangalia baadae waambie poa, ila waombe kiungwana wakuandikie kwenye karatasi hiyo hiyo na tarehe. Na mwenye kifafa, pumu au presha aniambie mimi pembeni, sitamtangaza, nitajua tu nisimpangie raundi mbili mfululizo jua la saa nane. Jumamosi njooni na gripu za zamani, nitawaonyesha kutoa.