Kusoma sheria Dodoma na kuanza uwakili: jibu kwa mdogo wetu wa HGL

Mdogo wangu, umeuliza mambo matatu: kama shahada ya sheria ina faida kwa aliyemaliza kidato cha sita kwa tahasusi ya HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), kama ni kweli Law School inaangusha watu kama inavyosemwa, na kama ni afadhali uende Dar es Salaam kuliko kubaki hapa. Mimi ni wakili wa kujitegemea Dodoma, nilisomea hapa hapa, na ofisini kwetu wamepita vijana kadhaa waliokuwa wanasubiri kuapishwa. Nitakujibu kwa niliyoyaona, ingawa si kwa mpangilio ulioutumia wewe.

Kwanza lipo jambo ambalo wazazi wengi hawalijui wanapolipa ada ya mwaka wa kwanza. Shahada ya sheria peke yake haimfanyi mtu kuwa wakili. Baada ya kuhitimu chuo unatakiwa upite Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ambayo wote tunaiita Law School, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007, ambako utasoma takribani mwaka mmoja, sehemu ukiwa darasani na sehemu ukiwa mahakamani na katika ofisi za mawakili. Ukifaulu ndipo unapeleka ombi kwa Jaji Mkuu, unaapishwa, na jina lako linaingizwa katika Daftari la Mawakili. Usidhani kwamba anayetaka utumishi wa umma amekwepa hatua hiyo, kwa sababu matangazo ya nafasi za hakimu mkazi na wakili wa serikali nayo hudai cheti cha Law School. Kwa hiyo hesabu ya fedha unayofanya na mzee wako isiishie kwenye mahafali ya chuo, na suala la Bodi ya Mikopo kwa mwaka huo wa ziada ulifuatilie mapema.

Hofu yako najua imetoka wapi. Oktoba 2022 yalisambaa matokeo ya Law School yaliyoonesha kwamba kati ya wanafunzi 633, waliofaulu masomo yote walikuwa 26 tu, 342 walitakiwa kurudia baadhi ya mitihani, na 265 walifeli. Kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati huo aliunda kamati ya uchunguzi chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe. Watu walibishana sana kama kosa ni la vyuo au ni la Law School yenyewe, na mabishano hayo sidhani kama yatakusaidia. Kitakachokusaidia ni kujua tofauti ya mitihani ya chuo na ile ya Law School. Chuoni ukiulizwa swali la mkataba, unaeleza vifungu vya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, unataja kesi, unahitimisha. Kule utapewa maelezo ya mteja, yakiwa yamevurugika kama wateja wanavyoyaleta, kisha utaambiwa uandae hati inayopaswa kufunguliwa, katika mahakama inayostahili, chini ya kifungu sahihi.

Chukua hati ya kiapo inayoambatana na maombi. Aya za maelezo unaweza kuziandika vizuri kabisa, lakini sehemu ya mwisho, pale anaposaini kamishna wa viapo, sheria inamtaka aonyeshe mahali na tarehe kiapo kilipochukuliwa. Sehemu hiyo ikiachwa wazi, wakili wa upande wa pili ataweka pingamizi la awali, na maombi yanaweza kutupwa kabla hakimu hajasikia hata neno moja la mgogoro wenyewe. Wapo watakaokwambia kwamba marekebisho ya mwaka 2018, yaliyozitaka mahakama kutazama haki zaidi kuliko ufundi wa kisheria, yamemaliza mambo hayo. Usiwasikilize sana, maana Mahakama ya Rufani imekwisha kusema kwamba marekebisho hayo hayakuja kufuta masharti ya lazima ya mwenendo wa mashauri.

Ndiyo maana rai yangu ni moja: jifunze utaratibu na uandishi tangu mwaka wa kwanza, usisubiri kufundishwa Law School. Madesa, yaani muhtasari wa masomo unaopitishwa mkono kwa mkono, yatakufaulisha chuoni, lakini hayakufundishi jinsi jaji anavyofikiri. Ingia tovuti ya TanzLII, ambako hukumu zinasomwa bure, usome hukumu nzima kuanzia majina ya wadaawa (pande mbili za kesi) hadi amri ya gharama. Anza na ile ya Jaji Mwalusanya ya mwaka 1990, Mahakama Kuu Mwanza, kati ya Ephrahim na Holaria Pastory, iliyohusu mila ya Kihaya ya kumzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Muhtasari utakwambia kwamba mwanamke alishinda. Ukiisoma yote utaona jinsi jaji alivyotoka kwenye haki za binadamu zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984, akapita kwenye sheria iliyoziruhusu mahakama kuzisoma sheria za zamani kwa marekebisho yanayohitajika, hadi akaifikia mila yenyewe. Njia hiyo ndiyo unayoitafuta.

Kuhusu lugha, utafundishwa kwa Kiingereza na hukumu nyingi za zamani ni za Kiingereza, wakati Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Huna budi kuandika vizuri kwa zote mbili. Nimeona vijana wenye Kiingereza kizuri wakishindwa kumweleza mzee wa Chamwino kwa Kiswahili cha kawaida kwa nini shauri lake limeondolewa na kama anaruhusiwa kulifungua upya.

Sasa nije Dodoma, maana hapa ndipo nina la kusema zaidi. Mji huu ulisimamiwa na CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, kuanzia mwaka 1973 hadi ilipovunjwa mwaka 2017, majukumu yake yakahamia kwa halmashauri, na watu wengi walikuwa na mikataba ya upangaji ya miaka 33. Serikali ilipohamia, bei za viwanja zikapanda, na migogoro ya ardhi ikawa ndiyo chakula cha kila siku cha ofisi za mawakili hapa. Shauri la kawaida ni hili: mmoja ana barua ya toleo, yaani barua rasmi ya kugawiwa kiwanja, mwingine ana karatasi ya mauziano aliyopewa na mwenyeji mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na kiwanja ni kilekile. Mwanasheria mgeni atakimbilia Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Lakini ikiwa aliyegawa kiwanja mara mbili ni halmashauri na unataka kuijumuisha katika shauri, tangu marekebisho ya mwaka 2020 unatakiwa kwanza utoe notisi ya siku 90, umuunganishe Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na shauri uliwasilishe Mahakama Kuu. Hata kama huijumuishi halmashauri, kuna usuluhishi wa Baraza la Kata, ambalo tangu mwaka 2021 halina tena mamlaka ya kuamua, kazi yake ni kusuluhisha. Mwanafunzi anayekaa nyuma ya chumba cha mahakama kila anapopata nafasi atayaona yote haya bila kulipa senti, kwa kuwa mashauri mengi husikilizwa mahakama ya wazi, na hapa mjini kuna mahakama za kila ngazi, kuanzia ya mwanzo hadi Mahakama Kuu.

Juu ya ajira sitakudanganya. Nafasi za Ajira Portal, mfumo wa mtandaoni wa kuomba kazi serikalini, ni chache na waombaji ni wengi. Wengi huanzia ofisi za mawakili, wakipeleka nyaraka, wakitafuta hukumu za kesi zilizopita, wakiandika rasimu ambazo mwingine atasaini, kwa malipo ambayo mara nyingi ni nauli na chakula. Zipo ofisi zinazowatumia vijana vibaya kwa namna hiyo, kwa hiyo uliza mapema ni nani atakayesahihisha kazi zako. Kama hakuna, tafuta kwingine. Jambo moja la kukwepa kabisa ni kuandaa hati za watu kwa malipo kabla hujaapishwa. Sheria ya Mawakili inalikataza, na jina la kishoka, yaani wakili bandia, likikupata katika mji ambao mawakili wote wanafahamiana, hata ukija kuapishwa litakufuata.

Dar es Salaam ina ofisi kubwa zenye kazi za mabenki, kodi na uwekezaji, na ikiwa moyo wako uko huko, nenda. Ukitaka ardhi, jinai, au sheria za utumishi wa umma, baki hapa, na Dar utakwenda tu utakapofika mwaka wa Law School.