Jibu: Samaki wa baharini hunywa maji?
Ndugu, umeuliza kama samaki wa baharini hunywa maji, na chumvi yote ile huipeleka wapi. Hunywa, tena sana! Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, ilhali mwili wa samaki wengi una kama theluthi tu ya hiyo, na maji huvutwa kuelekea penye chumvi nyingi, kwa hiyo humtoka muda wote kupitia matamvua (viungo vyake vya kupumulia). Hunywa kufidia, kisha seli maalumu za matamvua husukuma chumvi nje. Mkojo hutoa kidogo mno. Papa (mjanja huyu) hubakiza mwilini urea nyingi (taka ambayo wanyama wengi huitoa kwa mkojo), hivyo bahari haimnyonyi maji. Kasa ana tezi karibu na macho. Chumvi humtoka kama machozi mazito, hata akiwa majini.