Jibu: Malengo ya afya kwa wazee wa makao yenu

Dada, umeuliza namna ya kuwasaidia wazee wa makao yenu hapo Jinja, Uganda, wajiwekee malengo ya afya bila kulazimishwa. Muulize kila jjajja (bibi au babu) anatamani kufanya nini tena: kwenda misa kwa miguu? Kupalilia migomba? Lengo lianzie hapo. Presha na sukari zifuate. Shirika la Afya Duniani hushauri angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na ya kuzuia kuanguka siku 3. Mwenye magoti mabovu aanze kwa kuinuka kitini mara chache, mtu akiwa karibu. Chumvi ndiyo vita (mchuzi wa karanga ukipoa ladha, watakununia!), basi ipunguzeni kidogo kidogo. Dawa azibadilishe daktari tu.