Maswali ya Wasomaji: Uwatu, Rozela na Unga wa Pakiti

Nina miaka 51, kiuno sentimita 104. Presha yangu ni 142/90, na sukari kabla ya kula ni 6.3. Natumia metformin, kidonge cha kisukari, asubuhi na jioni, pamoja na kidonge cha presha asubuhi. Shemeji ameniletea uwatu. Niutumieje? — Msomaji, Tanga

Kitambi, presha kuanzia 130/85, sukari ya kufunga kuanzia 5.6, triglisaraidi (aina ya mafuta ya damu) kuanzia 1.7 na upungufu wa mafuta mazuri (HDL): mwenye matatu kati ya hayo matano huhesabiwa ana sindromu ya metaboli, yaani mkusanyiko wa dalili za hatari ya kisukari na ugonjwa wa moyo. Wewe umeshafika.

Kwenye uwatu, kazi kubwa inafanywa na ule utelezi wake. Hufanya chakula kuwa kizito tumboni, hivyo sukari ya ugali au wali huingia kwenye damu polepole. Kwa hiyo anayechuja mbegu na kunywa maji peke yake anatupa sehemu kubwa ya dawa. Zile mbegu zenyewe.

Anza na kijiko kimoja cha chai, yaani gramu 4 hivi. Pepeta, toa vijiwe, osha, kisha loweka ndani ya glasi ya maji ukiamka asubuhi. Ukiloweka tangu usiku kwa joto la Tanga, kufika mchana zitakuwa zimechacha. Saa sita mchana zimevimba na kulainika. Zitafune mwanzoni mwa mlo na unywe maji yake. Tumbo likizoea baada ya wiki moja, panda hadi vijiko viwili. Kukimbilia vingi huleta gesi na kuhara, na metformin nayo ina kawaida hiyo hiyo. Unga mkavu usiubwie, maana huvimba na unaweza kukukaba kooni.

Tumeuweka mchana kwa makusudi: utelezi huo unaweza kuchelewesha vidonge pia. Jasho na mkojo vikianza kunukia utamu usishtuke, ni uwatu.

Endelea na dawa zako, andika sukari ya asubuhi kwenye daftari, na baada ya miezi 3 pima HbA1c, kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi hiyo. Isiposhuka, uwatu haujakusaidia, hata kama unajisikia mwepesi. Mjamzito asitumie kama dawa. Mwenye mzio wa karanga au dengu naye ajihadhari.

Rozela inashusha presha kweli? Natumia losartan, kidonge cha presha. — Msomaji, Dodoma

Inashusha kiasi. Katika jaribio moja la Marekani, watu wenye presha iliyopanda kidogo, wasiotumia dawa, walikunywa vikombe 3 kwa siku kwa wiki 6, kila kikombe gramu 1.25 za maua makavu. Namba ya juu ilishuka kwa takriban 7. Mimina maji ya moto mililita 240, funika dakika 6, chuja. Bila sukari! Juisi ya rozela ya mtaani iliyokolezwa sukari inakuongezea tatizo unalolikimbia.

Kwa kuwa unatumia losartan, mwambie daktari wako kwanza, anza na kikombe kimoja na upime presha nyumbani. Ukisikia kizunguzungu unaposimama, acha, kapime.

Nimeuziwa unga wa mitishamba wa pakiti, sukari imeshuka kutoka 14 hadi 5 kwa siku tatu. Niache vidonge? — Msomaji, Mombasa

Usiache vidonge, acha unga. Mmea haufanyi kazi kwa kasi hiyo. Unga wa aina hii umewahi kukamatwa nchi mbalimbali ukiwa umechanganywa kwa siri na glibenclamide, kidonge cha kisukari kinachoweza kuangusha sukari kupita kiasi, hasa kwa mzee au mwenye figo dhaifu. Ukitetemeka, ukitoka jasho jembamba au ukishikwa na njaa ya ghafla, pima. Ikiwa chini ya 3.9, koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, unywe, upime tena baada ya dakika 15. Kisha nenda hospitali, na pakiti uibebe: daktari atataka kuiona.