Maswali Yenu: Gari la Umeme Siku ya Kukimbia Maji

Kila masika yakikaribia, barua za safu hii hubadilika. Wanaouliza bei ya betri hunyamaza, wanaanza wanaouliza jambo moja kwa namna nyingi: maji yakija usiku, hili gari la umeme litatutoa? Safari hii wamo wa Dar es Salaam, Mombasa, Nairobi na Kigali, na wamo wenzetu wa Texas na Florida, ambako msimu wa vimbunga huanza Juni 1 na kuisha Novemba 30. Hesabu zote nimeziweka kwa yuniti (kWh), zile zile mnazonunua kwa LUKU au kwa tokeni. Gari la familia la siku hizi lina betri ya yuniti 50 hadi 75, na yuniti 1 hulipeleka kilomita 6 hivi.

Fundi, salaam. Tunaishi kusini mwa Houston, mimi, mume wangu, watoto watatu na mama mkwe. Gari letu ni moja tu, la umeme. Majirani wanasema tukikwama kwenye foleni ya kukimbia kimbunga litaisha chaji na tutafia barabarani. Ni kweli?

Dada, nisalimie mama mkwe, na mwambie asiogope. Majirani zako wanaikumbuka foleni, ila wamesahau ilikuwa ya magari gani. Septemba 2005, wiki chache baada ya Katrina kuizamisha New Orleans, kimbunga Rita kilielekea Texas na watu zaidi ya milioni 2 wakatoka eneo la Houston kwa mpigo. Barabara ya I-45 ikaziba kwa kilomita zaidi ya 100. Magari ya petroli yakakaa yananguruma bila kusogea mpaka matangi yakakauka, na sheli za njiani nazo zikaishiwa. Watu wakazima viyoyozi ili kubana mafuta, kwenye joto la kuunguza, na wazee wakazidiwa humo humo garini. Waliokufa katika safari ile walipita 100, wakiwemo wazee 23 waliokuwa kwenye basi lililoshika moto karibu na Dallas.

Gari lako likisimama, mota nayo imesimama. Kinachokula chaji ni kiyoyozi, taa na kompyuta za gari, kwa jumla yuniti 1 au 2 kwa saa. Kaa kwenye foleni saa 10, umetumia yuniti 20 ukizidisha sana. Kama ulitoka na 60, bado una 40, na hizo ni kilomita 200 na zaidi. Tena mwendo wa pole pole hauli chaji kama mwendo wa kasi, kwa sababu upepo unaolikaba gari ni mdogo. Kwa hiyo usiwazimie watoto kiyoyozi.

Kinachoweza kukuangusha ni kutoka na nusu betri. Soketi ya kawaida ya Marekani, ya volti 120, hutoa yuniti 1.4 kwa saa, yaani usiku wa saa 12 unakupa kama 17 tu. Ukisubiri amri ya kuhama ndipo uchomeke, umechelewa. Utabiri ukianza kutaja pwani yenu, hata kama kimbunga kiko siku nne mbali, chomeka kila unaporudi nyumbani, na uondoe ile alama ya asilimia 80 uliyoiweka kutunza betri. Siku hiyo jaza 100.

La pili, usilenge Dallas. Ni kilomita zaidi ya 380, itabidi uchaji njiani pamoja na mji mzima. Mnachokikimbia hasa ni maji ya bahari yanayosukumwa na kimbunga, na Huntsville iko kilomita 110 hivi tu kaskazini mwa Houston. Mtafika bila kugusa chaja, na chaji ya kurudia mtakuwa nayo. Hiyo ya kurudia ni muhimu: kimbunga Beryl cha Julai 2024 kiliwakatia umeme wateja zaidi ya milioni 2 wa huko kwenu, wengine kwa zaidi ya wiki. Na mkilazimika kuchaji njiani, chukueni hadi asilimia 80 mwondoke. Kutoka 80 hadi 100 chaja ya kasi hupunguza mwendo sana, na nyuma yenu kuna mama mwingine mwenye watoto.

Nipo Tampa. Nilisikia Tesla iliwaongezea watu chaji kwa mbali wakati wa kimbunga. Inawezekanaje?

Chaji haiongezwi kwa mbali. Ilikuwa Septemba 2017, kimbunga Irma, Florida. Kampuni hiyo ilikuwa imeuza baadhi ya magari kwa bei nafuu yakiwa na betri ya yuniti 75 iliyofungwa kwa programu isitumike zaidi ya 60. Watu walipoanza kukimbia, ikafungua kufuli hilo kwa muda, na gari likapata kilomita 50 hivi za ziada. Ilikuwa tendo jema, nami nililifurahia. Lakini liliwafaa wale waliokuwa na yuniti zilizofichwa, na magari mengi hayana. Kilichoandikwa kwenye dashibodi yako ndicho ulicho nacho.

Fundi, niko Kigamboni, kazi yangu iko Magomeni. Mjomba anasema gari la umeme halina injini ya kumeza maji, kwa hiyo Jangwani nipite tu hata maji yakifika mlangoni. Mimi naogopa shoti.

Mjomba ana nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo itakayokuzamisha. Kweli halimezi maji kama injini ya petroli. Na shoti unayoiogopa si hatari kubwa: betri imefungwa kwenye sanduku lisilopitisha maji, nyaya zake nene za rangi ya machungwa zimekingwa, na gari likihisi umeme unavuja hujikatia lenyewe.

Hatari ni kuelea. Chukua gari la kilo 1,700. Tumbo lake ni bapa na limezibwa, urefu mita 4 na kitu, upana mita 1.7, eneo la mita za mraba 7 hivi. Kila sentimita 10 za maji zinazopanda juu ya tumbo hilo hulinyanyua kwa nguvu ya kilo 700. Zikipanda 25, gari halina uzito tena. Tumbo lenyewe liko sentimita 15 hivi kutoka ardhini, kwa hiyo maji ya sentimita 40, chini ya goti la mtu mzima, yanatosha kukuondoa barabarani kama yanakwenda. Na Mto Msimbazi, unaopita hapo Jangwani, ukifurika hautulii, unakwenda. Uzito wa betri haukusaidii kitu hapo.

Ongeza kwamba huioni barabara iliyo chini ya maji. Baada ya kimbunga Hidaya cha Mei 2024, barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi ilikatwa na maji, na magari yakakwama huku na huku. Aliyeingia akidhani lami bado ipo, hakuna aina ya gari ambayo ingemsaidia. Geuza, mwanangu. Lala Magomeni kwa rafiki, kazi utaikuta.

Gari la kaka yangu Mombasa lilizama kwenye maji ya bahari, sasa limekauka na linawaka. Anataka kulichaji.

Mpigie sasa hivi, asilichomeke. Kisha soma.

Septemba 28, 2022 kimbunga Ian kiliingiza bahari kwenye miji ya kusini magharibi mwa Florida, Fort Myers na jirani zake. Siku na hata wiki baadaye, magari ya umeme yaliyokuwa yamekauka yakaanza kushika moto, mengine yakiwa yamepakiwa kando ya nyumba. Ni sehemu ndogo ya yaliyozama, lakini moto wa betri hauzimiki kirahisi: unafunikwa kwa maji mengi, unatulia, unaamka tena.

Chanzo ni chumvi. Mwaka juzi niliitwa Nyali kuangalia gari lililolala usiku mmoja kwenye maji ya bahari. Mwenyewe alikuwa ameliacha juani siku tano, likawaka, dashibodi ikaonyesha asilimia 61, akafurahi. Nilipofungua soketi kubwa inayoingia kwenye betri, pini za shaba zilikuwa zimeota kutu ya kijani, na kati ya pini mbili palikuwa na mstari mweupe wa chumvi, mwembamba kama uzi wa kushonea. Maji yalishaondoka, chumvi imebaki, na mstari ule ni njia ya umeme. Ndani ya betri, mahali ambapo jicho halifiki, mistari kama ile inaweza kuwa kumi. Ukichaji, unausukuma umeme kupita humo.

Basi gari likae nje, mita 15 kutoka nyumba, gari jingine au kitu chochote kinachowaka, mpaka fundi wa betri kubwa alipime. Likitoa moshi, likizomea kama chupa ya soda inayofunguliwa, au likinukia kemikali, watu wakae mbali na zimamoto waitwe, waambiwe mapema kwamba ni la umeme. Maji baridi ya mto au mvua hayana hatari kubwa kiasi hicho, ila gari lililozama humo nalo lipimwe.

Baba yangu, miaka 74, anatumia mashine ya oksijeni nyumbani, Nairobi. Umeme ukipotea wakati barabara zimefungwa na mafuriko, gari langu la umeme linaweza kuendesha mashine yake?

Linaweza, na kwa swali hili peke yake ningemshauri mtu mwenye mgonjwa nyumbani alitafute. Mashine za oksijeni za nyumbani hula wati 300 hadi 400. Maana yake yuniti 1 inaiendesha karibu saa 3. Ukiweka kando yuniti 20 za kumfikisha baba hospitali na ukabaki na 40, una siku nne usiku na mchana, hata ukitoa zinazopotea njiani. Usiku wa Agosti 25, 2023 karibu Kenya nzima ilipoingia gizani hadi uwanja wa ndege wa JKIA, nilifikiria wagonjwa wa namna hii.

Angalia kwanza gari lako lina uwezo wa kutoa umeme. Baadhi ya BYD, Hyundai, Kia na MG wanao, kwa kiunganishi kinachochomekwa pale pale unapochajia. Nissan Leaf kuukuu zinazotoka Japani zinahitaji sanduku lake maalumu, na betri yake iliyochoka huenda imebaki na yuniti 15, usiihesabu kama mpya. Wajapani wenyewe walilijua hili baada ya tsunami ya Machi 2011. Petroli ilikuwa shida, umeme ukarudi mapema zaidi sehemu nyingi, magari ya umeme yakatumika kubeba misaada, na mwaka uliofuata Nissan ikaanza kuuza mtambo wa Leaf kulisha nyumba.

Chomeka mashine moja kwa moja kwenye gari kwa kebo nene. Usithubutu kuurudisha umeme nyumbani kupitia soketi ya ukutani, utamuua fundi aliye juu ya nguzo. Na fanya majaribio leo, baba akiwa na umeme wa kawaida wa kurudia. Iwashe saa nzima, usikilize mashine isikatike, uone yuniti ngapi zimekwenda.

Naendesha moto (pikipiki) ya umeme Kigali, betri tunabadilisha kituoni. Umeme ukikatika mji mzima?

Kituo kitakupa zilizojaa rafuni, kisha basi. Kwa hiyo siku za mvua kubwa badilisha jioni kabla ya kulala, hata kama imebaki nusu. Mvua iliyoua watu zaidi ya 130 Rwanda ilinyesha usiku, Mei 2 kuamkia 3, 2023. Moto yako itamtoa mama mjamzito mlimani pale gari lisipopita. Kwenye maji yanayokwenda, ishuke na uiache.

Nisisahau nini?

Kadi au ufunguo wenyewe, kwa sababu mtandao ukianguka programu ya simuni huenda isifungue mlango. Kebo ya kuchajia ya nyumbani. Betri ndogo ya volti 12, ipimwe kabla ya masika, maana ikifa gari haliwaki hata kama kubwa imejaa. Na kila anayepanda, mtoto mpaka bibi, aonyeshwe pale mlango unapofunguliwa kwa mkono bila umeme. Waonyeshe kwa kuwashikisha, wafungue wenyewe.

Sisi wa Mathare, Nairobi, hatuna magari, ya umeme wala ya mafuta. Mafuriko ya 2024 tulitoka kwa miguu. Safu yako inatuhusu nini?

Inawahusu, ndugu yangu, na nashukuru umeniuliza bila kunipaka mafuta. Katrina ilipoizamisha New Orleans mwaka 2005, watu zaidi ya laki moja wa huko hawakuwa na gari. Jiji lilikuwa na mabasi, mamia, ya abiria na ya shule. Mengi yalizama yakiwa yamepangwa vizuri kwenye maegesho, kwa sababu hayakutolewa mapema na madereva hawakuwepo.

Nairobi sasa ina mabasi ya umeme. Yale ya kwanza ya BasiGo, yaliyoanza kuonekana barabarani 2022, yana viti 25 na huenda kilomita 250 kwa chaji moja. Mathare hadi shule iliyo mwinuko ni kilomita chache. Basi moja lililojaa chaji linaweza kwenda na kurudi mara 20 usiku mmoja bila kutafuta mafuta. Lakini linalala wapi? Karakana ikiwa bondeni, chaja zake zitazama kabla ya nyumba zenu. Dereva wa saa nane usiku ni nani, na nani ana namba yake? Mkutano wa wadi ukiitishwa, ulizeni hayo kwa mpangilio huo, na mtake majibu yenye jina la mtaa na jina la mtu.

Na viti vitupu viko vingi. Mwenye gari la umeme anayekaa karibu na Mto Mathare au Mukuru, aliye tayari kuandika viti vyake kwenye orodha ya mtaa kabla ya mvua za Machi, aniandikie. Nitamuunganisha na wazee wa Nyumba Kumi.